Majeraha ya DNA, Marekebisho Yake, na Makosa Yabakiayo

Mtu aliyeketi kivulini, ameshiba, wala haumwi na kiungo chochote, hujiona kuwa mzima wa mwili, na kwa hukumu ya macho kweli ni mzima. Hata hivyo, ndani ya kila chembe hai ya mwili wake, tangu jua lichomozapo hata lichwapo, na usiku kucha vilevile, hutukia maelfu ya majeraha yasiyo na maumivu wala damu, nayo hutengenezwa bila ya yeye mwenyewe kupata habari. Majeraha hayo ni ya DNA, yaani ile dutu ndefu na nyembamba mno iliyobeba maagizo ya umbo la mwili na kazi zake, ambayo tumeirithi kwa baba na mama, nasi tutawarithisha dhuria wetu. Muradi wa makala haya ni kueleza jinsi dutu hiyo inavyoharibika, jinsi inavyotengenezwa, na ni makosa ya namna gani yabakiayo pale matengenezo yanaposhindwa. Kwani maradhi mengi yaliyozungukwa na dhana mbaya katika nchi zetu chanzo chake kimo humo, na mtu asiyeijua asili ya jambo ni mwepesi wa kumlaumu asiye na hatia.

DNA imeumbwa kwa nyuzi mbili zilizosokotana, na juu ya kila uzi zimepangwa besi za namna nne, nazo ni adenini, thaimini, guanini na sitosini, ambazo wataalamu huziandika kwa herufi A, T, G na C. Kanuni ya kuoana kwake ni moja: A ya uzi huu hushikana na T ya uzi wa pili, na G hushikana na C. Umbo hilo lilitangazwa mwaka 1953 na James Watson na Francis Crick huko Cambridge, wakitegemea kwa sehemu kubwa picha za eksirei zilizotoka katika kazi ya Rosalind Franklin mjini London. Seti moja ya urithi wa binadamu ina herufi zipatazo bilioni 3, na kwa kuwa twapokea seti mbili, moja kwa kila mzazi, kila chembe huchukua herufi zaidi ya bilioni 6, zilizogawanywa katika kromosomu 46. Na lau DNA ya chembe moja ingenyooshwa, urefu wake ungefika kama mita 2. Humo mna jeni zipatazo 20,000 za kutengenezea protini, na kila protini hujengwa kwa kusomwa herufi tatu tatu, kila utatu ukitaja asidi amino moja, hata ufikiwe utatu unaoamuru kazi ikome.

Zamani wataalamu waliamini kwamba dutu yenye amana kubwa kiasi hicho haina budi kuwa imara sana, isiyoharibika ila kwa nadra. Aliyeitilia shaka itikadi hiyo ni Tomas Lindahl wa Sweden, ambaye katika miaka ya mwanzo ya 1970 alipima kwa subira kasi ya kuoza kwa DNA ndani ya maji, akaona ya kwamba maji yenyewe, ambayo pasipo hayo hakuna uhai, huing'oa besi mahali pake. Katika kila chembe ya mwanadamu besi zipatazo 10,000 hung'oka hivyo kila siku, na nyingi zake ni A na G. Kadhalika C mara kwa mara hupoteza sehemu yake ndogo ikageuka kuwa urasili, ambayo huungana na A badala ya G. Hewa tuivutayo nayo, chembe inapoitumia kupata nguvu, huacha mabaki makali yanayozila besi. Lindahl akafikiri kwamba, maadamu uharibifu ni mwingi kiasi hiki na uhai bado upo, lazima pawepo mtengenezaji. Akamtafuta, na mwaka 1974 akatangaza kwamba amekipata, ndani ya bakteria, kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuitambua urasili na kuiondoa.

Juu ya uharibifu huo wa ndani huongezeka ule wa nje. Jua la adhuhuri huleta miale ya urujuanimno, ambayo ikipenya ngozini na kuzikuta herufi mbili za T zikikaa jirani juu ya uzi mmoja, huzigandisha pamoja, hata kila moja ikashindwa kushikana na mwenziwe wa uzi wa pili, na DNA ikapinda mahali hapo. Moshi wa tumbaku huingiza mapafuni dutu zinazojinatisha kwenye G. Miale ya eksirei huweza kuzikata nyuzi zote mbili kwa pamoja. Na ni kwa eksirei hiyo Hermann Muller wa Marekani, mwaka 1927, aliwabadilisha nzi wa matunda na vizazi vyao, akathibitisha kwa mara ya kwanza kwamba kitu cha nje chaweza kuugeuza urithi wenyewe.

Lakini katika mambo ya nje yaujeruhio urithi wetu, liko moja lililo karibu mno na jiko la Mwafrika Mashariki, nalo ni sumukuvu. Mkulima avunaye mahindi yangali na unyevu, akayalundika sakafuni kwa kukosa turubai la kuyaanikia au kwa kuhofia mvua na wezi, huyaachia kuvu wanaomea juu ya punje na kutoa sumu isiyo na rangi wala ladha, ambayo haiishi kwa kuchemshwa wala kwa kusongwa ugali. Elimu ya sumu hiyo ilianza Uingereza mwaka 1960, walipokufa batamzinga zaidi ya 100,000 waliolishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, katika wilaya za Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 kati yao wakafariki. Hao waliuawa na sumu nyingi iliyolivunja ini kwa siku chache. Bali yako madhara mengine ya polepole, na hayo ndiyo yanayotuhusu hapa. Sumukuvu iliwayo kidogo kidogo kwa miaka hufika kwenye ini, na ini, katika juhudi yake ya kuiondosha mwilini, huigeuza kwanza kuwa dutu kali inayojinatisha kwenye herufi G. Chembe ikigawanyika kabla G hiyo haijatengenezwa, yaweza kusomwa kana kwamba ni T. Mwaka 1991 wachunguzi wa saratani za ini za wagonjwa wa Qidong huko China, na wa kusini mwa Afrika, waliona badiliko lilo hilo, G kuwa T, mahali palepale, katika utatu wa 249 wa jeni iitwayo TP53, ambayo imewekwa kuzizuia chembe zilizoharibika zisizidi kuongezeka. Na palipo na virusi vya homa ya ini aina ya B mwilini, hatari ya sumu hiyo huongezeka mara nyingi.

Basi mwili huyakabili vipi majeraha haya yote? Siri ya matengenezo imo katika ule uwili wa nyuzi, kwani uzi mmoja ukiharibika, wa pili hubaki kuwa shahidi wa kile kilichokuwapo. Kwa jeraha dogo la besi moja, kimeng'enya huipitia DNA, huing'oa besi iliyoharibika, vingine hukata uzi mahali hapo, huweka besi sahihi kwa kuangalia jirani yake wa ng'ambo, kisha huunga. Kwa jeraha kubwa, kama zile T mbili zilizogandishwa na jua, kuna taratibu nyingine, ambayo sehemu kubwa ya maarifa yake tunayo kwa kazi ya Aziz Sancar, mzaliwa wa Savur, mji mdogo wa kusini-mashariki mwa Uturuki, aliyekuwa tabibu wa vijijini kabla ya kwenda Marekani kusoma kemia ya uhai. Sancar alionyesha ya kwamba vimeng'enya having'oi besi zilizoganda peke yake. Hukata uzi pande zote mbili za jeraha, kipande chote kikatolewa, chenye herufi kama 12 katika bakteria na kama 27 hadi 29 katika binadamu, na pengo likajazwa upya. Ukataka kujua thamani ya kazi hiyo, watazame wagonjwa wa zeroderma pigmentosa, ambao, kama alivyobainisha James Cleaver mwaka 1968, wamezaliwa na upungufu katika matengenezo haya: mtoto wa namna hiyo akitoka juani bila kinga, hupata madoadoa ya ngozi mapema, na saratani humjia angali mdogo.

Taratibu ya tatu ni ya kusahihisha makosa ya kunakili. Kila chembe igawanyikapo hunakili herufi zake bilioni 6, na kimeng'enya kinachonakili hukosea kiasi cha mara moja katika herufi 100,000. Lakini chenyewe hurudi nyuma kikafuta sehemu kubwa ya makosa yake, na yaliyopita hukutwa na wasahihishaji wengine, ambao kazi yao ilifunuliwa na Paul Modrich wa Marekani, hata mwisho wa yote hubaki kosa moja tu katika herufi kama bilioni moja. Lindahl, Sancar na Modrich walitunukiwa kwa pamoja Nishani ya Nobel ya kemia mwaka 2015. Ama lile jeraha lililo baya kuliko yote, la kukatika nyuzi zote mbili, ambalo halimwachi shahidi wa karibu, lina njia mbili: ama chembe huazima mfano kutoka nakala pacha ya kromosomu ile, njia ambayo huhitaji jeni za BRCA1 na BRCA2, na wanawake waliorithi hitilafu ya jeni hizo huwa katika hatari kubwa ya saratani ya matiti na ya ovari, ama huziunga ncha mbili kwa haraka vivyo hivyo, ingawa herufi chache zaweza kupotea katika kuunga.

Hapa ndipo ilipo tofauti ambayo kila mwenye kutaka kulifahamu jambo hili hana budi kuishika, nayo ni tofauti ya jeraha na badiliko. Na tuwakumbuke wanakili wa zamani wa Siyu na Lamu, walionakili vitabu kwa khati ya Kiarabu. Doa la wino likianguka juu ya neno, kila asomaye huliona, na mwenye nakala nzuri aweza kulifuta na kuandika upya. Lakini mnakili akilisoma vibaya neno lenye doa, akaipandisha nukta juu ya herufi badala ya kuiweka chini, be ikawa nuni, basi hapo hapana doa tena: maandishi ni safi, herufi ni halali, na kila atakayenakili baada yake atalirithi kosa lile akidhani ndiyo asili. Jeraha la DNA ni lile doa, na vimeng'enya huliona. Badiliko la jeni ni ile nukta, na likishakaa katika nyuzi zote mbili, likaoana sawasawa, mwili hauna tena njia ya kulitambua kuwa ni kosa. Ndiyo maana wakati ni jambo kubwa katika matengenezo: lifanywalo kabla ya chembe kugawanyika huokoa, na lichelewalo hukuta kosa limekwisha kuwa urithi.

Mabadiliko yenyewe ni ya namna nyingi. La kwanza ni la herufi moja kushika nafasi ya nyingine. Pengine halileti tofauti yoyote, kwa kuwa asidi amino moja yaweza kutajwa na utatu zaidi ya mmoja. Pengine huleta amri ya kukoma kabla ya wakati, protini ikatoka pungufu. Na pengine hubadilisha asidi amino moja tu, na hiyo moja ikatosha kuleta msiba. Mfano wake mashuhuri ni selimundu. Katika jeni ya sehemu ya beta ya himoglobini, utatu wa sita, GAG umekuwa GTG, na kwa ajili hiyo asidi ya glutamiki imeipisha valini, kama alivyotangaza Vernon Ingram wa Cambridge mwaka 1957. Mwenye kurithi badiliko hilo kwa wazazi wote wawili, chembe zake nyekundu hujikunja kama mundu, zikaziba mishipa midogo, akapatwa na maumivu makali ya mifupa na upungufu wa damu. Lakini mwenye kulirithi kwa mzazi mmoja tu, kwa kawaida huishi salama, tena hukingika na malaria kali; na aliyelithibitisha hilo mwaka 1954 ni Anthony Allison, aliyekulia Kenya, baada ya kuona mwaka 1949 kwamba alama ya selimundu ni nyingi kwa watu wa pwani na wa kandokando ya Ziwa Victoria, palipo na malaria, na ni haba kwa wakaao nyanda kavu za juu.

Namna ya pili ni herufi kupotea au kuongezeka. Kwa kuwa DNA husomwa tatu tatu, ikiondoka herufi moja tu, utatu wote unaofuata husogea, na maana hubomoka toka hapo hata mwisho. Ukweli huu ulithibitishwa mwaka 1961 na Crick pamoja na Sydney Brenner, mzaliwa wa Germiston, Afrika Kusini. Wala si kila uvunjifu wa namna hiyo uletao maradhi. Watu wenye damu ya kundi la O, ambao ni wengi mno kati yetu, aghalabu wanalo kundi hilo kwa sababu jeni ambayo ingetengeneza alama ya A imepoteza herufi moja, G, ikabatilika. Nao ni wazima kama wengine.

Namna ya tatu ni kipande kizima kukatika, na mfano wake umo katika ualbino. Watu wengi wenye ualbino katika Afrika ya kusini mwa Sahara, Watanzania wakiwamo, wamepungukiwa na kipande kimoja chenye herufi zipatazo 2,700 katika jeni iitwayo OCA2, hata ngozi, nywele na macho hayapati rangi ya melanini ya kutosha. Badiliko hilo hutoka kwa wazazi wawili kwa sawa, baba na mama, ambao kwa kawaida kila mmoja ana nakala moja nzima na moja yenye pengo, na rangi zao wenyewe hazionyeshi kitu. Basi mtu anayemtuhumu mke wake kwa kuzaa mtoto mwenye ualbino anaukana urithi alioutoa yeye mwenyewe. Mtoto huyo ana vimeng'enya vya kutengeneza DNA vilivyo timamu kama vya mtoto mwingine yeyote. Alichokosa ni ile rangi iliyo kivuli cha chembe, na kwa hiyo majeraha ya jua humzidia kuliko uwezo wa matengenezo, akaingia katika hatari ya saratani ya ngozi tangu ujana. Kofia pana, shati la mikono mirefu, na mafuta ya kukinga jua, ambayo katika hospitali ya KCMC mjini Moshi yametengenezwa makusudi kwa ajili ya watu hawa, kwao ni dawa ya kuokoa maisha.

Namna ya nne ni ya kromosomu nzima. Mwaka 1959 wachunguzi wa Ufaransa, wakiwamo Jérôme Lejeune na Marthe Gautier, walitangaza kwamba watoto wenye hali ya Down wana kromosomu 47, ya 21 ikiwa tatu badala ya mbili. Pengine kromosomu mbili hukatika na kubadilishana vipande: ule uvimbe wa taya za watoto aliouandika Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago mjini Kampala, mwaka 1958, baadaye ulionekana kuwa aghalabu una kipande cha kromosomu ya 8 kilichohamia kwenye ya 14, na jeni ya kuihimiza chembe igawanyike ikawekwa mahali isipotulizwa.

Katika haya yote ni lazima kupambanua pia mahali lilipotukia badiliko. Likitukia katika chembe za ngozi au za ini, hufa pamoja na mwenyewe, ingawa laweza kumletea saratani. Likitukia katika mbegu ya baba au yai la mama, huingia katika kila chembe ya mtoto, na laweza kurithiwa na vizazi vyake. Kila mtoto azaliwapo ana mabadiliko mapya makumi kadhaa ambayo wazazi wake hawakuwa nayo, na idadi yake huongezeka kwa kadiri ya umri wa baba. Mengi hayana dhara lolote. Na chembe iliyoharibika kupita kiasi, ile jeni ya TP53 huisimamisha isigawanyike, au huiamuru ife kwa ajili ya usalama wa mwili mzima. Tembo, ambaye kwa wingi wa chembe zake angetazamiwa kuugua saratani kuliko sisi, huugua kwa nadra, na wachunguzi walibainisha mwaka 2015 kwamba anazo nakala zipatazo 20 za jeni hiyo katika kila seti ya urithi wake, ambapo mwanadamu anayo moja.

Elimu hii sasa imeanza kuzaa tiba. Mnamo Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba ya selimundu ambayo ndani yake chembe za uboho wa mgonjwa hutolewa, DNA yake ikakatwa mahali palipochaguliwa, kisha chembe zenyewe zikaachwa ziunge kwa ile njia ya haraka ipotezayo herufi. Na upotevu huo, uliokusudiwa, huvunja amri iliyoizima himoglobini ya mtoto aliye tumboni, nayo ikarudi kufanya kazi badala ya ile iliyo mbovu. Bei yake Marekani yapita dola milioni 2 kwa mgonjwa mmoja, na wagonjwa wengi wa selimundu duniani wako Afrika. Kwa hiyo kazi ya kuifikisha huku, na kwa sasa kazi ya kuwapima watoto mapema na kuwapa dawa zilizopo, ni haki ya kudaiwa, si hisani ya kuombwa.

Ama sisi wengine, yaliyo mikononi mwetu yanajulikana: kuyaanika mahindi yakakauka kabla ya kuyaweka ghalani, kuwachanja watoto dhidi ya homa ya ini, kuacha tumbaku, na kuwapima damu wachumba kabla ya ndoa wapate kujua yaliyo mbele yao. Kosa la herufi halina mwenye hatia. Halikuletwa na laana ya mababu wala na dhambi ya mama. Lakini mahindi yenye kuvu yauzwayo sokoni kwa wasiojua, mtoto mwenye ualbino asimamishwaye paredi juani bila kofia, na mke afukuzwaye kwa mtoto aliyemzaa, hayo yana wenyewe wa kuulizwa, nao ni sisi.